Wazee wanauawa kwa ajili ya shamba, uchawi ni kisingizio

Kuna sehemu katika Afrika Mashariki ambako kuzeeka ni hatari kuliko malaria. Katika Kilifi, pwani ya Kenya, mzee wa kiume mwenye mvi anatazamwa kwa jicho baya. Wako wazee waliolazimika kupaka nywele zao rangi nyeusi, si kwa urembo, bali wapate walau kulala usingizi. Ukitoka hapo ukaenda Usukumani, kwenye vijiji vya Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita, kosa si mvi tena. Huko kosa ni macho mekundu, na mkosaji ni bibi kizee.

Macho mekundu, ndugu msomaji! Aliyewahi kuishi Usukumani anajua wekundu huo unatoka wapi. Miti ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kuangamiza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, na kuni zikawa adimu. Mwanamke anapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha, asubuhi na jioni, miaka 50 mfululizo. Akifika umri wa kulea wajukuu macho yameshaharibika kwa moshi. Moshi huo huo uliowapikia ugali watu wazima wanaomnyooshea kidole leo.

Mambo yanakwenda hivi. Mtoto anafariki ghafla, au ng'ombe wanakufa. Ndugu wanakwenda kwa mganga kupiga ramli. Mganga mjanja hataji jina. Anasema ni mwanamke, ni mtu wa karibu, macho yake mekundu, nyumba yake iko upande fulani. Hapo kila mmoja anamalizia mwenyewe jina alilokuja nalo moyoni. Baada ya siku chache wanakuja wakata mapanga, usiku, mara nyingi ni watu wa kukodiwa kutoka mbali. Asubuhi kijiji kizima hakikuona wala hakikusikia.

Sasa tuulize swali ambalo polisi wetu huliuliza kwa nadra: baada ya mazishi, nani analima lile shamba?

Ukichunguza utakuta mara nyingi kizee aliyeuawa alikuwa mjane aliyekalia ardhi aliyoachiwa na mumewe, na kwamba watoto wa kambo au wa shemeji walikwisha kuona kwamba bibi huyu hafi upesi. Kule Kilifi nako mzee ndiye mwenye kauli juu ya ardhi ya ukoo. Vijana wanataka kuuza, mnunuzi yuko tayari na pesa mkononi, mzee anakataa. Ghafla mzee anageuka kuwa mutsai, mchawi, ingawa aliishi miaka 70 bila mtu kumwita hivyo. Uchawi wake ulianza siku bei ya ardhi ilipopanda.

Hatusemi kwamba hakuna wanaoamini kwa dhati. Wako, tena wengi, na wamo wenye shahada. Wala hatutaki kubishana hapa kama uchawi upo au haupo, maana mjadala huo umetupotezea muda wa kutosha kwenye vijiwe na kwenye mabunge. Anayeamini na aamini. Lakini imani peke yake haikodi mtu wa panga, wala haimlipi nauli. Anayelipa ana hesabu zake.

Sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 na Kenya ina yake ya mwaka 1925, zote za Mwingereza, na zote bado zimo vitabuni. Ile ya Tanganyika hata ilimpa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumhamisha mtu anayeshukiwa uchawi akakae mahali pengine. Yaani mshukiwa ndiye anayeng'olewa kwake, na shamba linabaki na nani? Ya Kenya inamtia hatiani anayemwita mwenzake mchawi, isipokuwa akimshtaki kwa mamlaka. Ni kesi ngapi za namna hiyo mmesikia? Mei 2008 watu wasiopungua 11 walichomwa moto kule Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, Kisii hiyo hiyo, wanawake wazee wanne wakauawa siku moja. Kati ya matukio hayo ni miaka 13.

Na mabavu nayo yalishajaribiwa. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilipeleka polisi na usalama wa taifa Mwanza na Shinyanga kukomesha mauaji haya haya. Watu wengi walikamatwa, wakateswa, na wengine wakafia mikononi mwa dola. Ndiyo sababu mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Alipofariki Februari 2024 tulimsifu kwa uwajibikaji ule, na alistahili. Ila ni wachache waliokumbuka kwamba chanzo cha yote kilikuwa kampeni dhidi ya mauaji ya kishirikina, na kwamba vizee waliendelea kuuawa miongo mingi baada ya yeye kuondoka wizarani.

Tuje kwetu sisi tulio nje, maana tunapenda kuyasoma haya huku tukitikisa kichwa, eti mambo ya vijijini. Mkesha wa Krismasi haukuwa umepoa mwaka 2010 pale Newham, mashariki mwa London, wakati kijana wa miaka 15, mtoto wa familia yenye asili ya Kongo iliyokuwa ikiishi Paris, alipouawa na dada yake na mpenzi wa dada huyo. Walimtesa siku kadhaa wakimlazimisha akiri uchawi, kindoki kama wanavyoita Wakongo. Mahakama iliwafunga kifungo cha maisha Machi 2012. Hapo hapakuwa na shamba wala ng'ombe, na tunakubali kwamba kisa hicho kinaiyumbisha hoja yetu kidogo. Lakini kinaonyesha kwamba aliyepanda ndege hakuacha mzigo huu uwanjani, hivyo tusijifanye watazamaji.

Tena sisi ndio wenye pesa. Simu inapigwa kutoka nyumbani: kaka, kuna mgonjwa, tumeambiwa ni mambo ya kienyeji, inatakiwa kiasi fulani. Tunatuma. Kwa simu pesa inafika kabla hujamaliza chai yako. Ni wangapi kati yetu tuliouliza huyo mganga anatibu au anataja watu? Dawa ya mizizi ni jambo moja, na waganga wa tiba asili wanaoheshimika wapo na wanasajiliwa kisheria. Ramli ya kumtafuta mbaya wako ni jambo jingine kabisa, na huenda pesa ya kuilipia imetoka Muscat, Leicester au Minneapolis. Safari ijayo ukiombwa, uliza: nani ametajwa? Ukisikia ni shangazi, usitume, na umpigie shangazi simu usiku huo huo.

Kwa serikali zetu tuna ombi moja tu, na halihitaji semina hotelini. Mzee au mjane akiuawa katika mazingira ya tuhuma za uchawi, ardhi yake ifungwe siku hiyo hiyo. Isiuzwe, isigawanywe, isibadilishwe jina mpaka kesi iishe. Sheria ya urithi ya Kenya tayari inasema muuaji harithi aliyemuua, lakini kifungu hicho kinangoja mtu atiwe hatiani, na wakati upelelezi unasuasua shamba linakuwa limekwisha kuuzwa mara mbili. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilizikabidhi halmashauri za vijiji usimamizi wa ardhi hiyo. Basi mwenyekiti wa kijiji aliyeidhinisha uhamisho wa shamba la marehemu aliyekatwa mapanga aitwe aeleze haraka yake ilikuwa ya nini.

Kule Ganze, ndani ya Kilifi, wazee wa Kaya Godoma walifungua hifadhi kwa ajili ya wenzao waliokimbia kuuawa na watoto wao wenyewe. Ni kazi ya heshima waliyoifanya. Lakini mzee anayelala salama Godoma ameacha minazi yake nyuma, na aliyemfukuza ndiye anayeangua madafu. Wabunge wa Kilifi na wa Kanda ya Ziwa waanzie kwenye minazi hiyo.