LORI LA MAJANI SI BASI LA WATU



Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haikuandikwa kwa ajili ya matatu peke yake. Twalisema neno hili kwa sababu hapa kwetu, tangu Kericho kupita Litein na Sotik mpaka Bomet, askari husimamisha matatu akakagua mstari wa manjano na mikanda, na nyuma yake lori lililojaa wachuma chai waliosimama hupita, dereva akapungiwa mkono.

Mstari wa manjano ni sheria, hatubishi. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, alitoa kanuni zake mwaka 2003, zikaanza kushikwa Februari 2004. Lakini kanuni zile zile ziliyataja malori pia: lori lenye uzito mtupu kupita kilo 3,048 sharti liwe na chombo cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Waulizeni madereva wa majani ni malori mangapi yenye chombo hicho kikiwa kizima.

Tazameni jinsi lori linavyogeuzwa. Latoka kwa fundi na bodi ya mizigo: chesesi, ubavu ulioinuliwa juu kwa kuwa majani mabichi huchukua nafasi kubwa, na vyuma vyenye ndoano za kuning'iniza mifuko ili majani yasipondeke. Hapo hapana kosa. Kosa laanza majani yakiwa mengi na watu wakitakiwa shambani upesi. Fundi huambiwa achomelee mabenchi mawili, au haambiwi kitu, na watu husimama wakishika ndoano zile zile, ambazo lori likiruka shimo huwa sawa na vichwa vyao. Springi huongezwa majani (haya si ya chai) ili lori libebe zaidi, na breki hubaki zile za zamani. Tena watu si magunia. Kwenye kona wote huegemea upande mmoja, na lori lililo refu kwenda juu hutaka kulala. Nanyi mwazijua njia zetu za udongo mvua ikinyesha.

Sheria yasemaje? Kifungu cha 55 chakataza gari kutumiwa barabarani kama gari lenyewe, au sehemu yake yo yote, lina hali ya kuwahatarisha watu wa njiani au waliomo ndani. Mwenye gari akibadilisha aina ya bodi, yampasa kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, gari likaguliwe, na kitabu chake kisahihishwe. Kwa hiyo lori lililoandikwa la mizigo, nalo kila asubuhi lachukua watu, karatasi yake yasema uongo.

Mwaweza kuambiwa kwamba ile ni lifti tu, tajiri amewahurumia. Hapana! Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi anayechukuliwa bure kwenda au kutoka kazini, kwa gari lililowekwa na tajiri kwa ajili hiyo na kuendeshwa na tajiri au mtu wake, huhesabiwa yuko kazini. Akivunjika mguu juu ya lori, amevunjika kazini, nayo fidia ni haki yake. Sadaka haina fidia.

Hatujasahau Fort Ternan. Alfajiri ya 10 Oktoba 2018 basi lililotoka Nairobi lilianguka pale, paa likang'oka, na watu zaidi ya 50 wakafa. Hilo lilikuwa basi, lenye viti na paa. Tangu 2014 nchi hii ina kanuni ya ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372, inayosema bodi ijengwe namna gani. Lori la majani halikujengwa kwa kanuni hiyo, wala halikudai hivyo. Anayelijaza watu ndiye adaiye.

Ndugu madereva, anayeshikwa njiani ni ninyi, si yule aliyemtuma fundi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, yawapa njia: mpasheni msimamizi wenu habari ya hatari iliyo kubwa na ya karibu, na mpaka tajiri airekebishe, hawezi kuwalazimisha kurudi kwenye hatari hiyo. Msiende peke yenu. Nendeni na mwakilishi wa chama, na neno liandikwe.

Twataka watu wapelekwe kazini kwa gari lililoandikishwa na kukaguliwa kuchukua watu. Kama mabasi hayatoshi, safari ziwe mbili, na saa za kungoja zilipwe. Tajiri akisema gharama ni kubwa, na aweke hesabu mezani tuisome pamoja.

Wawakilishi wa kila kambi waandike namba ya lori, siku, idadi ya watu waliobebwa, na kama kuna mabenchi au hakuna, walete ofisi ya tawi. Majina ya madereva yasiandikwe.