Mkojo wa paka ukiziba Migori, bili huanzia barabarani

Kama unafuga paka dume Migori au Homa Bay, soma hii leo, kwa sababu siku yenyewe ikifika hutakuwa na muda wa kusoma chochote.

Paka dume ana njia nyembamba sana ya mkojo. Chembechembe kama mchanga, au ute mzito, zinaweza kuiziba kabisa. Utamwona anachuchumaa, anajikaza, hakuna kitu. Anatoka, anarudi tena. Analia, anajilamba huko chini, pengine anatapika. Wengi wetu tukiona hivyo tunasema "amefunga choo", tunampa mafuta kidogo na kungoja kesho. Hapo ndipo mambo huharibika. Mkojo usipotoka, uchafu unabaki kwenye damu, potasiamu inapanda, na moyo unaweza kusimama. Hapa tunaongea saa 24 hadi 48, si wiki.

Sasa tupige hesabu. Daktari anahitaji kumpa paka dawa ya usingizi, kupitisha katheta nyembamba, kuosha kibofu, kumwekea dripu, kupima damu, kisha kumlaza siku mbili tatu akimwangalia. Kila hatua hapo ni chapaa. Na kuna paka ambao huziba tena baada ya siku au wiki chache. Wanaorudia mara kwa mara huishia kufanyiwa upasuaji wa kupanua njia.

Hiyo bili hata mtu wa Nairobi huilia. Lakini Nairobi kuna hospitali za wanyama wadogo, na kuna kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Wewe wa Rongo, Awendo, Mbita au Oyugis unaanza na bili nyingine kabisa: barabara. Agroveti ya karibu ina dawa ya kupe, ya minyoo na chanjo ya kuku. Daktari wa mifugo unayempigia yuko kwenye bodaboda, anakimbilia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Usimlaumu. Ng'ombe analipa karo, paka halipi. Akinunua katheta za paka zitapitwa na tarehe kwenye rafu, hasara yake. Kwa hivyo atakwambia umpeleke Kisumu au Nairobi, na saa zinazidi kwenda.

Hali hii haikuanguka kutoka mbinguni. Zamani kutibu mifugo kulikuwa kazi ya serikali. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 na kuingia 1990, wakati wa masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, serikali ilianza kujiondoa na kuwaachia watu binafsi. Mtu binafsi hufuata pesa, na pesa ziko kwa ng'ombe wa maziwa na kuku. Kisha ikaja Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti huduma za mifugo, na kando na hapo linazipa jukumu la ustawi wa wanyama, pamoja na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika. Haisemi ng'ombe pekee.

Najua unachotaka kuuliza: hospitali za watu hazina dawa, na wewe unaleta story ya paka? Swali halali. Hakuna anayeomba hospitali ya paka wakati kina mama wanalala wawili kitanda kimoja. Kinachohitajika ni kidogo: ofisi moja ya mifugo mjini Migori na nyingine mjini Homa Bay, kila moja iwe na katheta chache, dawa ya usingizi, dripu, na nambari ya simu inayopokelewa usiku. Dripu hiyo hiyo itamwokoa mbuzi wa nyanya yako na mbwa aliyegongwa na gari. Tena Kenya ina mpango wa kutokomeza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na paka pia hupata kichaa na kukipitisha. Mtu aliyezoea kumpeleka paka wake kwa daktari hatasumbua siku ya chanjo.

Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wengine kwenye matatu. Bajeti ya kaunti nayo lazima ipitishwe kabla ya mwaka wa fedha kuisha Juni 30, na sheria inataka maoni ya umma. Vikao hivyo huwa na viti vitupu. Nenda, uliza pesa za huduma za mifugo zinaenda wapi.

Wakati huo, usikae bure. Tafuta sasa hivi daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, umuulize wazi kama anaweza kuzibua paka na kwa bei gani. Mwekee paka maji safi kila siku, na chakula chenye majimaji kuliko kikavu pekee. Usimpe paracetamol, inaua paka. Usimbinye tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Weka shilingi 50 kwa wiki, kwa mwaka ni 2,600. Mkiwa watano kwenye chama ni 13,000, na si rahisi paka wote watano wazibe mwaka mmoja.

Na kama siku hiyo pesa hazipo kabisa na gari la Kisumu limeshaondoka, mwombe daktari amlaze paka asiamke tena. Ni uamuzi mchungu, lakini kumwacha ajikaze siku mbili chini ya kitanda ni mbaya zaidi. Mtu hapaswi kufika kwenye uamuzi huo kwa sababu tu anaishi mbali na katheta moja.