Noeli haiombi theluji

Kila mwaka mwezi wa Desemba ukikaribia tunasikia neno moja ambalo limetuchosha masikio. Neno lenyewe ni hili: "Noeli ya huku si Noeli ya kweli." Wageni wanalisema kwa huzuni, wenyeji wanalirudia kwa haya, na wenye maduka wanalifanyia biashara. Leo tumekusudia kulijibu, kwa sababu neno baya lisilojibiwa mwishowe hugeuka fundisho.

Tuanze na jamaa moja tunayoifahamu. Ni Wabelgiji, baba na mama na watoto watatu, waliotoka pande za Ardenne wakaja Lubumbashi mwaka 2023 kwa kazi ya migodi. Ni wakristu wema, hawakosi Misa ya Jumapili. Hatuandiki habari zao kwa kuwacheka. Wao wenyewe wametupa ruhusa. Noeli yao ya kwanza kwetu iliwakuta katikati ya mvua na joto. Maembe yalikuwa yakianguka uani, kumbikumbi wakizunguka taa usiku, na mti wa flamboyant mbele ya mlango ulikuwa umejaa maua mekundu. Mama wa nyumba akayaona yote hayo kuwa ni makosa. Akafunga madirisha na mapazia mchana kweupe, akawasha mashine ya kupoza hewa hata watoto wakavaa masweta, akasimamisha mti wa plastiki na kuutandikia pamba juu ya matawi. Kwa saa tatu nyumba ile ilikuwa Ulaya. Kisha umeme ukakatika. Joto likarudi, masweta yakavuliwa, na mtoto mdogo akaanza kulia, akiuliza: "Basi, Noeli imekwisha?"

Swali la mtoto huyu ndilo swali letu. Je, Noeli ni kitu cha kukwisha umeme ukikatika?

Kabla ya kujibu, tuseme jambo moja la haki. Kukumbuka kwenu si dhambi. Mtu anayelia kwa kukumbuka kijiji chake na mama yake ana moyo wa mtu. Ndugu zetu wengi wamehamia Brussels na Montreal, nao huona uchungu ule ule upande wa pili. Kwetu siku ya Noeli watu wote wako nje, watoto wanapita nyumba kwa nyumba, kwaya inaimba mpaka sauti inakauka. Kule wanakuta njia tupu, milango imefungwa kwa sababu ya baridi, kila jamaa iko mezani pake. Wanatuandikia: "Huku hakuna Noeli." Tazameni basi! Mbelgiji anasema kwetu hakuna Noeli kwa sababu ya joto, na Mkongomani anasema kwa Mbelgiji hakuna Noeli kwa sababu ya baridi. Wote wawili wanasema kweli juu ya uchungu wao, na wote wawili wanakosea juu ya Noeli.

Sasa tufungue Injili. Mtakatifu Luka anatuambia juu ya safari ya kwenda kuandikishwa, juu ya nyumba iliyojaa, hori la kulishia wanyama, na wachungaji waliokesha usiku mashambani. Mtakatifu Mateo anatuambia juu ya nyota, mamajusi, na mfalme mwenye wivu. Someni tena na tena, hamtaona theluji. Hamtaona mti wa msonobari wala Baba Noeli mwenye koti la manyoya. Hata siku yenyewe Injili haikuitaja. Ushuhuda wa zamani tulio nao wa kuadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 25 Desemba ni wa Roma, mwaka 336. Ekleziya iliichagua siku ili watu wote wasali pamoja; haikuichagulia hali ya hewa.

Vile vinavyotajwa leo kuwa ni Noeli yenyewe vilikuja baadaye, kimoja kimoja, kila kimoja na kwao. Pango la Noeli tunalijua kwa Mtakatifu Fransisko, aliyelitengeneza Greccio, nchini Italia, mwaka 1223, kwa nyasi na ng'ombe na punda wa mahali pale pale. Mti uliopambwa ulitoka katika nchi za Wajerumani. Baba Noeli ametokana na Mtakatifu Nikola, askofu wa Mira, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Uturuki, karibu na bahari yenye joto. Na ni watu wa kaskazini waliomvika makoti ya baridi. Uwanja wa Mtakatifu Petro, Roma, haukuwekewa mti wa Noeli mpaka mwaka 1982, wakati wa Papa Yohane Paulo wa Pili. Je, tuseme mapapa wote waliotangulia walisali Noeli isiyo ya kweli?

Hatusemi vitu hivyo ni vibaya. Mtu wa Ardenne akipamba msonobari wake anafanya vema, maana ndio mti unaobaki na majani mabichi katika baridi ya kwao. Alichukua kilicho mlangoni pake akampa Mtoto Yezu. Lakini anayetandika pamba juu ya plastiki chini ya jua la Katanga hafanyi alivyofanya babu yake. Babu alitoa cha kwao. Yeye ananunua sanamu ya cha babu.

Wengine watasema: "Lakini Noeli ni ya wakati wa baridi." Baridi ya nani? Dunia imeinama kidogo katika kulizunguka jua. Mwezi wa Desemba upande wa kaskazini umelipa jua kisogo, na upande wa kusini umelielekea. Ndiyo maana Desemba ni baridi Brussels, na ni joto Johannesburg, Sydney na Buenos Aires. Nchi yetu wenyewe imekatwa na Ikweta: Bunia iko kaskazini yake, Bukavu, Kalemie na Lubumbashi ziko kusini. Je, Bunia wana Noeli moja na Kalemie nyingine? Tena, sisi wa Lubumbashi tunayo baridi yetu, nayo ni ya Juni na Julai, wakati tunapotafuta makoti asubuhi. Kama Noeli inaomba baridi, basi tuihamishe hadi Julai! Msicheke. Huko Australia ziko hoteli za milimani, upande wa magharibi wa Sydney, zinazofanya karamu ya "Noeli ya Julai" ili wageni wapate moto na mvinyo wa kuchemsha. Karamu hiyo ina baridi, ina moto, ina chakula. Imekosa tu Noeli.

Lakini watu wale wale wa Australia wanatufundisha pia jambo jema. Wazee wao walitoka Uingereza na Irlandi, na Noeli yao ya kwanza ng'ambo iliwashangaza kama ilivyomshangaza mama yule wa Ardenne. Wengi walishikilia nyama za kuoka na mikate mizito katika jua kali, na hata leo wako wanaofanya hivyo. Lakini taratibu walifungua madirisha. Tangu mwaka 1938, mjini Melbourne, watu hukusanyika usiku nje, kila mmoja na mshumaa wake, wakaimba nyimbo za Noeli chini ya anga wazi. Jambo hilo ni rahisi kwao kwa sababu ni wakati wa joto. Huko New Zealand uko mti wa pwani uitwao pohutukawa, unaotoa maua mekundu mwezi wa Desemba, na watu wameuita mti wao wa Noeli. Hawakuuwekea pamba. Waliutazama, wakaona Mungu ameshaupamba.

Iko hoja nyingine, nayo si ya kitoto. Mkristu mmoja msomi alituambia: "Katika Ulaya Noeli huja wakati usiku umekuwa mrefu kuliko siku zote za mwaka, na tangu hapo mchana huanza kuongezeka. Hivyo anga yenyewe inahubiri kwamba Mwanga amekuja. Kwenu anga haihubiri kitu." Tunaiheshimu hoja hii, maana walimu wakubwa wa Ekleziya waliitumia. Ni kweli kwamba kwetu mchana wa Desemba hautofautiani sana na ule wa Juni. Lakini si kweli kwamba nchi yetu haihubiri kitu. Ndugu msomi, toka mjini uende shambani! Desemba mahindi yamepandwa, hayajazaa. Ghala la mwaka jana linakwisha. Mama anapima unga kwa jicho, anajua mavuno yako mbali, Machi au Aprili. Mkulima amefukia ardhini mbegu ambayo angeweza kuila, naye anangoja. Hapo ndipo Noeli inapotufikia: katika njaa inayoanza na ahadi iliyofukiwa. Mtoto aliyelazwa horini naye alikuwa hivyo, mbegu tu. Mavuno yake yalikuwa bado, wala wachungaji waliomwona usiku ule hawakuambiwa wangoje miaka mingapi. Ulaya anga inahubiri mwanga. Kwetu udongo unahubiri tumaini. Nani amesema mahubiri haya ni ya chini?

Wala hatuhitaji kukisia kama imani yaweza kukua bila theluji. Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Noeli zao zote pale ziliangukia katika wakati wa mvua. Wakristu wa kwanza wa pande zile hawakuona theluji hata siku moja. Hata hivyo katika pande zile akatoka Stefano Kaoze, aliyepewa upadri huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, mwaka 1917, Mkongomani wa kwanza wa nyakati zetu kupata daraja hilo. Na mwaka 1974 serikali ya Zaïre ilipoiondoa tarehe 25 Desemba katika sikukuu za taifa, wakristu walikwenda kazini siku hiyo, na walisali vilevile. Noeli isiyozimwa na amri ya serikali, itazimwaje na joto?

Sasa tuache wageni, tujitazame sisi wenyewe, maana kosa letu ni kubwa kuliko lao. Mgeni anatandika pamba kwa sababu anakumbuka theluji. Sisi tunakumbuka nini? Tumeingia katika kanisa fulani tukakuta pango la Noeli limefunikwa pamba kama kitanda cha mgonjwa, na Mtoto Yezu amelala katikati, na nje ya mlango mvua ya kweli, mvua ya Mungu, inanyesha juu ya majani ya migomba. Tumeona baba wa nyumba akikopa fedha ili anunue mti wa plastiki na taa za rangi, na Januari watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule. Na tumesikia jambo baya zaidi: jamaa nzima haikuja Misa ya Noeli kwa sababu watoto hawakupata nguo mpya. "Tuliona haya," walituambia.

Ndugu, hapo ndipo neno lile la "Noeli si ya kweli" linapoishia. Linaanza na theluji ya mgeni, linaishia katika nguo ya maskini. Ukiifunga Noeli kwa kitu, yeyote asiyekuwa na kitu hicho amefungiwa nje. Leo ni theluji, kesho ni mti, keshokutwa ni viatu. Mwishowe mlango wa Bethlehemu unawekewa mlinzi wa kuangalia mavazi, na wale watu waliokosa nafasi katika nyumba ya wageni wanakosa tena nafasi katika sikukuu yao wenyewe.

Kwa hiyo tunasema waziwazi. Ninyi wa kamati za parokia, toeni pamba pangoni. Wekeni majani ya migomba, nyasi za kwetu, maua ya flamboyant, na muhindi mmoja mchanga katika chungu. Ninyi wazazi, mleteni mtoto Misa na nguo yake ya kila siku, imefuliwa, basi. Na jirani atakayemcheka, huyo ndiye asiyevaa vizuri. Nanyi wageni mliohama mbali na kwenu, kumbukeni kwamba Yosefu na Maria walimchukua Mtoto mpaka Misri, nchi ya lugha nyingine na desturi nyingine, na Injili haisemi kwamba walijenga Bethlehemu ya bandia huko. Yeye mwenyewe alikuwa nao, na hapo alipokuwapo palitosha.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo tulivyofanya kwa jamaa ile ya Ardenne. Noeli ya mwaka 2024 hatukuwaacha wafunge madirisha. Watoto wao walitumwa pamoja na wetu kukata majani na kubeba udongo wa pango, wakarudi wamelowa na kuchafuka matope mpaka magotini. Mama yao aliimba katika kwaya, akikosea maneno. Usiku ule umeme ulikatika tena, katikati ya Misa. Padri akaendelea, mishumaa ikawashwa, kwaya haikunyamaza. Yule mtoto mdogo alikuwa amekaa mbele, karibu na pango. Safari hii hakuuliza kama Noeli imekwisha.