Mto Ufungwe kwa Wote

Katika mjadala wa muhula uliopita rafiki yangu mmoja alisimama akasema kwamba kumkataza mtu kuvua samaki ni kumkataza kula. Alishangiliwa sana. Mimi sikushangilia, lakini wala sikuwa na jibu. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu, na kwanza niungame jambo langu mwenyewe.

Kwetu ni Usamia, karibu na mahali mto Sio unapoingia katika Ziwa Victoria. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mvua kubwa ilipoanza, mjomba wangu alinichukua usiku tukaukinga mto kwa wavu. Alfajiri tulipata ningu kikapu kizima. Mama alipowapasua, karibu kila mmoja alikuwa amejaa mayai. Tulifurahi, maana mayai ni matamu. Samaki waliosalia waliuzwa, na fedha zake zikanunua sare yangu ya shule. Kwa hiyo siwezi kuwatukana wavuvi, maana mimi nimesomeshwa na wavu. Lakini mwaka uliofuata tulipata nusu kikapu, na mwaka wa tatu mjomba alirudi na samaki wanne tu.

Sababu yake si uchawi. Ningu huishi ziwani, lakini mvua inapojaza mito hupanda juu kutaga mayai katika majani yaliyofunikwa na maji. Basi ategaye wavu mdomoni mwa mto humkamata mama kabla hajazaa. Jambo hili si jipya. Mwaka 1927 Bwana Michael Graham alitoka Uingereza kulichunguza ziwa letu, akashauri macho ya wavu yasipungue inchi 5. Katika miaka ya 1950 amri ile ililegezwa hapa Uganda, nyavu za macho madogo zikaenea, na ningu waliokuwa wakivuliwa kwa wingi katika mito yetu wakapungua vibaya.

Rafiki yangu atauliza: Je, wapo watu waliofunga uvuvi wasife njaa? Wapo. Kenya hufunga uvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria kila mwaka, tangu Aprili mpaka mwisho wa Julai. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti. Huko Marekani yuko samaki aitwaye salmoni, ambaye hupanda mito kama ningu wetu. Mwaka 2023 na 2024 jimbo la California lilifunga uvuvi wa salmoni baharini, kwa wavuvi wa biashara na kwa wale wavuao kwa starehe pia.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulishike. Hapa kwetu mwaka 2017 askari wa jeshi waliwekwa ziwani kukamata nyavu haramu, na mashua nyingi zilichomwa moto. Maskini ameijua sheria. Lakini wako pia watu wenye kazi nzuri ambao siku za mapumziko huenda mtoni na ndoana zao kujifurahisha, na wako wanunuzi ambao hawaulizi samaki amevuliwa wapi. Nilipomweleza mjomba habari ya kufunga mto, hakukasirika. Alisema, "Wafunge, lakini nimwone na tajiri naye amefungiwa."

Nadhani mjomba ana haki. Maoni yangu ni haya. Mvua inapoanza, mito na midomo yake ifungwe kwa majuma machache, kwa wavu, kwa mtego na kwa ndoana, bila kuuliza mtu ni nani. Ziwa lenyewe libaki wazi kwa samaki wengine, ili mvuvi asilale njaa. Tarehe zitangazwe mapema vijijini, na wavuvi wenyewe washirikishwe kuzichagua, kwa sababu wao ndio wanaojua siku ningu anapoanza kupanda. Na mwenye wavu wa macho madogo asaidiwe kupata mwingine, maana kuchoma wavu wa mtu bila kumwonyesha njia nyingine ni kumfundisha kuvua usiku.

Ninyi wanafunzi wa zamani mlio na vyeo na mishahara, nawaomba muwe wa kwanza kuziweka ndoana chini mvua inaponyesha. Hamtakosa chakula. Mkifanya hivyo, mtu kama mjomba wangu hatakuwa na neno la kujitetea.

Na wewe rafiki yangu wa mjadala, jibu langu ni fupi: akiba haiozi. Kumkataza mtu kuvua majuma machache si kumkataza kula. Ni kumwachia mwanawe kitu cha kula, na pengine sare ya shule.