Neno la Mhariri: Kikopo cha Mkojo Kabla ya Mashine

Swali lililozaa toleo hili huulizwa kwa sauti ya busara: kuna faida gani kusaka dalili za awali za figo kuharibika kwa wenye kisukari cha aina ya pili, ilhali dawa mpya ni ghali na madaktari bingwa wa figo ni wachache? Waulizaji huchukulia kwamba kugundua mapema ni anasa ya baadaye, mashine za kusafisha damu zikishaenea, wakati sehemu kubwa ya wanaofikishwa kwenye mashine hizo hufika kwa kuchelewa kugunduliwa.

Mzizi wa uchelewaji huo ni imani katika kreatinini, yaani taka itokayo kwenye misuli ambayo figo huiondoa katika damu. Kiwango chake huweza kubaki cha kawaida hata karibu nusu ya uwezo wa kuchuja ikiwa imeshapotea, na kwa kuwa hutegemea wingi wa misuli, mtu aliyekonda huweza kupewa majibu ya kupendeza huku figo zake zikiwa hoi. Milinganyo inayogeuza kreatinini kuwa makadirio ya kasi ya uchujaji haijaondoa tatizo, kwani watafiti walioilinganisha na uchujaji uliopimwa hasa huko Malawi, Afrika Kusini na Uganda, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2022, walikuta ikikuza uwezo wa figo kupita ulivyo. Mlinganyo mashuhuri wa mwaka 2009 ulimwongezea mtu mweusi takriban asilimia 16 kwa rangi yake tu, hadi kigezo hicho kilipofutwa mwaka 2021. Mgonjwa aliyekuwa tayari amechelewa akacheleweshwa tena na hesabu.

Albumini, protini ya damu ambayo chujio zima la figo huizuia isipite, huanza kuvuja mapema zaidi, na hupimwa kwa uwiano na kreatinini ya mkojo huohuo ili wingi wa maji aliyokunywa mgonjwa usipotoshe majibu. Uwiano wa miligramu 30 kwa gramu ni onyo, lakini kijiti cha kuchovya kwenye mkojo mara nyingi hukaa kimya hadi uvujaji ukaribie 300. Kwa kuwa homa, maambukizi ya njia ya mkojo na mazoezi makali huweza kuupandisha kwa muda, huhitajika majibu mawili kati ya matatu kabla ya kuthibitisha. Na kwa kuwa kisukari cha aina ya pili huweza kujificha kwa miaka, upimaji huanza siku kinapogunduliwa, kisha hurudiwa kila mwaka. Haya si mapya: mtafiti Mogensen wa Denmark alionyesha mwaka 1984 kwamba hata uvujaji mdogo hutabiri kifo cha mapema.

Hoja ya dawa nayo haina miguu. Irbesatani, dawa ya shinikizo la damu, ilithibitika mwaka 2001 kuchelewesha uvujaji mdogo usigeuke mkubwa, na kundi la dawa za kisukari la empagliflozini limo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2021. Tatizo ni la fahari zaidi kuliko la fedha. Kenya ilipoingia mwaka 2015 mkataba wa kukodi vifaa vya hospitali za kaunti, mashine za kusafisha damu zilikuwamo, na uzinduzi wake ulipendeza kamera. Kikopo cha mkojo hakikatiwi utepe.

Katika toleo hili, makala inayotetea kijiti imechapishwa kwa sababu uadilifu wa jarida unadai hivyo, na hoja yake kuhusu gharama ni nzito, ila inasahau kwamba hatari ya kijiti ni jibu hasi linaloaminiwa. Makala ya lishe inajitosheleza. Ile ya kubashiri ugonjwa wa figo kwa picha za jicho na akili unde inavutia, ingawa inaomba kamera mahali ambapo hata kikopo hakipo.

Kuanzia toleo lijalo, tafiti kuhusu figo za wenye kisukari zitakazoletwa bila kipimo cha albumini ya mkojo zitarudishwa kwa waandishi wake kabla ya kusomwa.