Delta nayo ihesabiwe

Sisi wa Mchukwi, tulio karibu na barabara ya Lindi, tuna nafuu. Ila nendeni Mbwera, Kiongoroni au Maparoni. Huko, kwenye delta ya Mto Rufiji, safari inaamuliwa na bahari: maji yakijaa boti inapita, yakitoka mama mwenye uchungu anasubiri kwenye mikoko. Mto huohuo ndio uliojengewa Bwawa la Nyerere la umeme wa megawati 2,115, na mafuriko yake ya Aprili 2024 yalizamisha mpunga wa Rufiji na Kibiti. Kwa hiyo, kwa ajili ya delta tunaomba boti ya wagonjwa yenye mafuta mwaka mzima, na nyumba za waganga na walimu, maana asiye na pa kulala huomba uhamisho. Bajeti ikigawanywa kwa idadi ya watu pekee, vijiji vya delta havitapata kitu.