Uvimbe umetolewa, lakini matibabu hayajaisha

Pengine umeyasikia haya nyumbani. Shangazi amefanyiwa upasuaji, uvimbe kwenye titi umetolewa, kidonda kimepona. Daktari anasema bado kuna tiba ya mionzi. Shangazi anauliza, "Ya nini tena? Si walisema wametoa yote?" Nauli ni ghali, hospitali iko mbali, na jamaa wanaitikia: akae tu, amepona.

Kijana, hapo usinyamaze.

Mwaka 1996 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Walikuwa wamepima sehemu za titi zilizo karibu na uvimbe wa saratani, ambazo kwenye hadubini zilionekana kuwa salama kabisa. Kumbe kwa baadhi ya wagonjwa, kipande cha kromosomu kilichokuwa kimepotea ndani ya uvimbe kilikuwa kimepotea pia kwenye seli hizo "safi".

Maana yake ni nini? Hadubini huonyesha umbo la seli, haisomi jeni zake. Saratani nayo haizuki kwa siku moja. Seli hupata hitilafu moja, kisha nyingine, hadi ianze kukua ovyo. Usianze kumtisha mtu, lakini: seli yenye hitilafu moja si saratani, na nyingi haziwi saratani kamwe.

Hata hivyo, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu umefichwa na rangi, jicho haliuoni.

Ndiyo sababu uvimbe ukitolewa na titi likabaki, madaktari kwa kawaida hulipiga mionzi titi lote ili kumaliza seli mbaya ambazo huenda zilibaki. Tafiti zilizofuatilia maelfu ya wanawake zimeonyesha kuwa tiba hiyo hupunguza kwa takribani nusu hatari ya saratani kurudi. Hilo si jambo la kuachwa kwa sababu ya nauli.

Hatusemi ubishane na wakubwa. Keti na shangazi, mweleze polepole. Siku ya kliniki fuatana naye, na asipoelewa jambo, msaidie kumuuliza daktari. Halafu ingia kwenye lile kundi la WhatsApp la ukoo. Kama tunachangia harusi, tunashindwaje kumchangia shangazi nauli ya kwenda kumaliza matibabu?